Sato 104,729

Luhende, mwenyekiti wa ushirika, aliisoma ile namba mkutanoni kama anayesoma Maandiko: vifaranga vya sato laki moja na elfu nne, mia saba ishirini na tisa, vimegawanywa sawasawa katika vizimba saba vya ushirika huko ziwani. Sasa kizimba cha akina mama kimekutwa na samaki pungufu kwa theluthi, kwa uzembe wao, kwa hiyo kinachukuliwa leo hii na kupewa wanaojua kazi. Wanaojua kazi aliwataja: mashemeji zake wawili.

Suzana Kashindye, kiongozi wa akina mama hao, hakushangaa. Mwenyekiti huyu ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa darasa la sita kule Misungwi. Alimchapa fimbo nne kwa kuuliza swali, akamwambia hesabu si kazi ya msichana. Miaka ishirini na sita imepita na Suzana bado anazijua fimbo zile moja moja. Sekondari hakuiona, hesabu alijifunza kwenye madaftari ya wanawe, maharage yakichemka.

Namba ilikuwa imebandikwa ubaoni tangu Jumatatu. Siku mbili aliigawa: kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, mpaka kwa mia tatu kumi na saba. Namba tasa sitini na sita, na kila mara kulibaki kitu. Hakuendelea, maana mia tatu ishirini na nne mara yenyewe tayari inaipita.

Akasimama. "Shikamoo, Mwalimu. Namba yako haigawanyiki kwa saba. Wanabaki wawili."

"Marahaba. Sato wawili, Suzana? Unatupotezea muda kwa kitoweo cha mtu mmoja?"

Watu wakacheka, Okwach wa kizimba cha tatu kuliko wote.

"Haigawanyiki kwa chochote, ila kwa moja na kwa yenyewe. Hebu tuambie, hapa mwaloni vifaranga tunavihesabuje?"

Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Kifaranga hakihesabiwi kimoja kimoja, kitakufia mkononi. Huchotwa kwa bakuli la matundu, bakuli moja mia mbili hamsini, kisha yanahesabiwa mabakuli. Hesabu ya kweli ya pale huishia na sifuri, siku zote. Luhende, ambaye ziwa halijawahi kumlowesha hata kisigino, alidhani namba yenye tisa mkiani itaaminika zaidi.

"Sisi tulipokea mabakuli arobaini," Suzana alisema. "Elfu kumi, na wote wapo. Hiyo theluthi yako haikufa kwetu. Haikufika."

Luhende alimgeukia katibu. "Pius, andika laki moja na elfu tano. Hiyo inagawanyika."

Pius akaweka kalamu chini. Okwach, sasa bila kucheka, aliuliza kama mwenyekiti anaandika samaki waliopo au anaowataka. Ilipoitishwa kura ya kuchukua kizimba, mikono iliyoinuka haikufika mitano.

Suzana hakungoja mkutano ufungwe. Sato walikuwa hawajala tangu asubuhi.