Sweta ya Laptopu

Laptopu ilifika Mbinga mwezi wa Julai mwaka 2009, imeviringwa khanga mbili na kutumbukizwa kwenye ndoo ya plastiki. Ilitumwa na Otilia, binti aliyekuwa karani huko Dodoma, ambaye alikuwa amenunua mpya na kuona ile ya zamani itamfaa baba yake. Baba mwenyewe, Mzee Methodi, katibu mstaafu wa chama cha msingi cha kahawa, aliipokea stendi akapanda nayo mlima hadi nyumbani, na kabla jua halijazama alikuwa amekwisha kumwambia jirani yake Damiano kwamba mashine ile, ilipopita njia panda ya Makambako, ilimsahihisha dereva aliyetaka kuelekea Mbeya.

"Ilimsahihisha kwa mdomo?" Damiano aliuliza.

"Kwa maandishi."

Lakini aliyeishika kwanza kwa huruma alikuwa Gaudiosa, mke wake. Aliweka kiganja juu ya kifuniko, akakiondoa.

"Maskini," alisema. "Imepoa kama chura."

Gaudiosa alijua habari za kufika Mbinga mwezi wa Julai. Yeye mwenyewe alizaliwa Lituhi, ziwani, ambako watu hulala milango wazi na mchanga huwa na joto mpaka alfajiri. Alipoletwa huku juu kama bi harusi, wiki ya kwanza alilala na sweta mbili na koti la baba mkwe, na bado meno yake yaligongana mpaka majirani, kwa maelezo ya Methodi, wakadhani kuna mtu anapukuchua mahindi. Kwa hiyo chochote kilichotoka penye joto kikafika Mbinga wakati wa kipupwe, kuku, mgeni au mashine, kwa Gaudiosa kilistahili kufunikwa.

Tatizo lilikuwa mkono.

Miaka miwili nyuma, akiwa shambani kwenye kahawa, mkono wake wa kulia ulimwangukia ubavuni kama wa mtu mwingine. Aliporudi kutoka hospitali mdomo ulikuwa umenyooka na mguu unatembea, ila vidole havikumsikia; daktari, kwa maelezo ya Methodi, alisema vitarudi kipupwe cha pili. Kabla ya hapo nyumba ile haikuwa na kitu kisicho na kitambaa cha kufuma. Viti, redio, chupa ya chai, mtungi wa maji, vyote vilivaa. Baada ya hapo sindano na nyuzi viliingia kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo likapanda juu ya kabati, na hakuna aliyelitaja tena. Jioni Gaudiosa alikaa na ule mkono mapajani kama mtoto wa mgeni aliyeachiwa amshikie.

Siku ya tatu tangu laptopu ifike, Methodi alirudi kutoka kanisani akakuta kopo liko mezani, limefunguliwa.

Hakusema neno. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba gunia la kahawa.

Ilimchukua Gaudiosa wiki tatu. Sindano ilidondoka, akaiokota; uzi ulimponyoka, akaufuata chini ya kiti. Kilichopatikana mwishoni kilikuwa godoro dogo la sufu nyekundu, nene kama vidole vitatu, na juu yake sweta ya kijani iliyoifunika laptopu pande zote, yenye tundu la kupitishia waya. Upande mmoja mishono ilibana, upande mwingine ililegea, na katikati palikuwa na kilima kama kile cha nyuma ya parokia. Siku alipoivalisha, Methodi alitoka nje akisema anakwenda kuangalia kuku. Walikuwa hawafugi kuku tangu mwaka juzi. Alisimama bandani mpaka macho yakakauka.

Feni ya laptopu ilianza kelele siku ya pili yake.

Mwanzoni ilikuwa kama nyuki kwenye chupa. Ilipofika jioni, wakisali rozari, ikapandisha kama lori la kahawa linalopanda mlima kwa gia ya kwanza, na Gaudiosa akalazimika kupaza sauti ili Mama Bikira amsikie. Methodi alitangaza mtaani kwamba feni ile ilikuwa imeng'oa kofia ya katekista ikaipeleka jikoni. Damiano alianza kuja asubuhi, anasukuma mikono chini ya ile sweta na kutulia.

"Shikamoo jiko," alikuwa akisema.

"Lipia kuni, Damiano."

"Shemeji Gaudiosa, huyu mume wako anachapa nyimbo au anachemsha maharage?"

"Anachapa," Gaudiosa alijibu kwa fahari. "Inapumua kwa sababu inafanya kazi. Hata wewe ungefanya kazi ungepumua."

Na kweli alikuwa anachapa. Kwaya ya parokia ilikuwa imempa kazi ya kukusanya nyimbo zake zote ziwe kitabu, kwa ajili ya jubilei ya Oktoba. Nyimbo mia moja na kumi na nne, kwa vidole viwili. Lakini laptopu ikawa inazimika. Inawaka, inanguruma, inakuwa moto kiasi cha kuchoma mapaja, kisha kimya, kioo cheusi, na wimbo uliokuwa haujahifadhiwa umekwenda zake. Wimbo wa arobaini na moja aliuchapa mara tano.

Mwisho aliibeba pamoja na godoro lake hadi mjini kwa Nathaniel, fundi wa kompyuta aliyekuja kutoka Rungwe akafungua kibanda karibu na stendi. Mtu wa miaka thelathini na ushee, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mgonjwa huyu hapa."

Nathaniel aliivua sweta, akaitazama kwa heshima, akaweka kando. Akafungua skrubu za chini. Ndani, feni ilikuwa imejizungushia nyuzi nyekundu kama kiota cha ndege.

"Mzee, mashine hii inavuta hewa kwa chini na kuitolea ubavuni. Ninyi mmeilaza kwenye godoro na kuifunika. Mmeiziba pua na mdomo."

"Haiwezi kuzoea?"

"Haiwezi. Hiki kitambaa ndicho kinachoiua. Kingekuwa changu ningekitia moto."

"Neno hilo usilirudie," Methodi alisema, na kwa sauti aliyoitumia, Nathaniel aliinua macho. Mzee alikuwa amekishika kile kitambaa kwa mikono miwili. Nathaniel alisafisha feni, akafunga, akaiweka mezani juu ya vizibo vinne vya soda, na mashine ikawaka kimya kama paka aliyeshiba.

Njia nzima ya kupanda mlima Methodi alikuwa akipanga maneno. Kama angesema ukweli, kopo lingerudi juu ya kabati, na safari hii lisingeshuka. Hilo alilijua kama alivyojua jina lake. Kwa hiyo alipofika mlangoni na Gaudiosa akamuuliza fundi kasemaje, alifungua mdomo na uongo ukatoka wenyewe, umevaa na viatu.

"Amesema imemeza wadudu. Wale kungu wa ziwani, wanaopaa kama moshi. Upepo umewaleta mpaka huku."

"Kutoka Lituhi?"

"Kundi zima. Amewatoa wamejaa kijiko."

Gaudiosa alifikiri. "Na kitambaa?"

Hapo ndipo alipopaswa kunyamaza. "Amekisifu sana. Kakigeuza, kakigeuza. Amesema hata yeye angekuwa na kama hicho."

Uso wa mke wake ulifunguka kama dirisha. Usiku huohuo alianza kumfumia Nathaniel.

Wiki mbili zilizofuata zilimchosha Methodi kuliko miaka yake yote ya chama. Gaudiosa akitoka, yeye anaivua laptopu sweta, anaiweka juu ya vizibo, anachapa haraka haraka. Akisikia miguu uani, anairudisha kwenye godoro. Wimbo wa sitini, wa sabini, wa themanini.

"Baba Otilia," Gaudiosa alimuuliza siku moja akiwa mlangoni na karai, "mbona nikiwa uani inanyamaza, nikiingia inaanza kuhema?"

"Inakuonea haya."

Aliweka karai chini, akarudi kwenye sindano yake. Vidole vilikuwa vimeanza kwenda. Si kama zamani, lakini mishono ilikuwa inalingana, na kile kilima hakikuwepo tena.

Jumamosi Methodi alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, anasoma sauti ya besi, Damiano alipoinama kutoka benchi la nyuma.

"Shemeji nimempita anashuka mjini. Ana kifurushi. Anasema anampelekea fundi zawadi aliyoiomba."

Besi ilikatika katikati ya aleluya. Baadaye Damiano alihadithia kwamba mzee yule aliruka mfereji wa shule, mita tatu, akiwa na daftari mkononi. Huo haukuwa uongo mkubwa sana. Hata hivyo alipofika kibandani akitweta, Gaudiosa alikuwa ameshaondoka, na kitambaa kipya, cha bluu, kilikuwa juu ya kaunta.

"Mzee," Nathaniel alisema, "ungeniambia basi kwamba nimeomba kitambaa."

"Umemwambia nini?"

"Nimepokea kwa mikono miwili, nimeshukuru. Kisha akaanza kuangalia mashine zangu. Zote ziko juu ya vizibo. Akauliza kwa nini hazina kitu chini." Nathaniel alivua miwani akaifuta. "Mama yule hadanganyiki, mzee. Anakutazama kama anachagua samaki. Nikamwambia."

Methodi alipanda mlima polepole. Alifika, akasimama kizingitini. Gaudiosa alikuwa sebuleni, godoro jekundu mapajani. Kopo la maziwa lilikuwa mezani na kifuniko chake kimebanwa. Aliona kile kifuniko kabla ya kuona kitu kingine chochote.

"Kaa," Gaudiosa alisema.

"Nimekaa."

"Umesimama, Methodi."

Alikuwa hajamwita kwa jina tangu Otilia azaliwe. Akakaa.

"Kwa hiyo nilikuwa naiua."

"Haikufa."

"Naiziba pua, na wewe unanitazama."

"Nilikuwa natazama mkono wako," Methodi alisema, na akashangaa kuona kwamba hiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza mwezi ule ambayo hakuiongezea kitu.

Gaudiosa alivuta pumzi. "Yule fundi aliniuliza nimefuma kwa muda gani. Nikamwambia siku kumi na mbili. Akasema mama yake angetumia tano." Midomo yake ilicheza kidogo. "Unajua nilivyofurahi? Hajui kitu. Kwake ni mkono tu, wa mama mmoja anayefuma taratibu. Hapa nyumbani mkono wangu ni mgonjwa. Mnakuja kuutazama, mnasema kwa sauti ndogo, mnaufichia mambo."

"Niliogopa utarudisha kopo juu."

"Ningelirudisha. Siku mbili hivi. Halafu ningelishusha." Aligeuza godoro. "Kitambaa cha altare nilikifumua mara nne, padri amesimama pale anasubiri. Ukikosea unafumua. Ungesema tu, Mama Otilia, hiki kinaziba. Basi."

Mashine ilikuwa kwenye meza, imezimwa, uchi.

"Na daktari?" Gaudiosa aliuliza.

"Daktari yupi?"

"Aliyekwambia mkono utarudi kipupwe cha pili."

Methodi alitazama dari. Aliona kuna njia tatu za kutoka kwa uongo, zote nzuri, moja hata ilikuwa na mamba ndani yake. Akaziacha.

"Daktari alisema tusubiri."

"Halafu?"

"Halafu akaenda kunywa chai."

"Na kipupwe cha pili?"

"Hicho nilikiongeza kwenye gari, tukirudi. Ulikuwa unatazama dirishani. Nikaona nikikupa tarehe utageuka."

Gaudiosa aliinamisha uso kwenye godoro. Mabega yakaanza kutikisika, na Methodi akanyanyuka nusu, akidhani amemliza. Kisha akasikia ile sauti. Alikuwa anacheka, kicheko cha tumboni, cha Lituhi, ambacho hakikuwa kimesikika ndani ya nyumba ile kwa miaka miwili.

"Kipupwe cha pili," alisema alipoweza. "Na mimi nikakisubiri." Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono wa kulia. "Leta mikono."

"Kufanya nini?"

"Leta tu."

Aliinyoosha mbele yake, viganja vikitazamana. Gaudiosa alitafuta ncha ya uzi, akaikata kwa meno, akavuta. Safu ya kwanza ya godoro ikafumuka. Akauzungusha uzi kwenye vifundo vya mikono ya mume wake, mara moja, mara mbili, uzi uliokunjamana kama nyungunyungu.

"Zimebaki nyimbo thelathini," Methodi alisema. "Sasa nitachapa na nini?"

"Leo huchapi. Leo unashika uzi. Nataka kukufumia soksi. Unanigusa na miguu ya barafu tangu mwaka sabini na moja, sijasema kitu."

"Umesema. Umesema kila usiku."

"Basi tuseme nimeongeza kidogo."

Uzi ulikwenda. Godoro lilipungua mapajani mwake, na ule wekundu ukanenepa kwenye mikono ya Methodi. Katikati ya safu vidole vya Gaudiosa vikalegea, na uzi ukaanguka sakafuni, karibu na mguu wa mume wake. Mikono ya Methodi ilishtuka. Mdomo nao ulikuwa tayari na neno la kutuliza. Akalimeza. Akabaki na mikono yake imenyooka, anatazama dirishani, mpaka Gaudiosa alipoinama, akapapasa, akaupata, na kuendelea kuzungusha.