Marehemu wa Mtaa wa Narung'ombe

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Anifa."

Hiyo ilikuwa mara ya tatu tangu saa moja na nusu asubuhi, na Dakta Tarsis alikuwa ameitikia mara zote tatu bila kujiuliza binti huyu ana nini. Alikuwa amesimama mbele ya kioo cha kabati, karatasi mkononi, akiisomea sura yake mwenyewe mhadhara wa kuaga ambao angeutoa siku hiyo saa kumi jioni katika ukumbi mmoja kule Posta. Anifa alikuwa mezani, kompyuta wazi mbele yake, vidole juu ya herufi, haandiki kitu.

"Data za Chile zimekuja?" Tarsis aliuliza bila kugeuka.

"Zimekuja, Mwalimu."

"Zinasemaje?"

Anifa aliutazama mgongo wa mwalimu wake, akautazama mlango. "Ngoja nikufuatie chai," akasema, akatoka.

Chumba kile kilikuwa Mtaa wa Narung'ombe, ghorofa ya pili, juu ya duka la masufuria la Klara, mke wa Tarsis. Alikihamia mwaka aliostaafu chuoni, kwa sababu intaneti ya Kariakoo ilikuwa na kasi na chai ya mkewe ilikuwa karibu. Wapagazi waliopanda ngazi wakitafuta stoo walimkuta mzee mfupi mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kwenye paji la uso, akikodolea macho vidoa kwenye skrini. Wengi waliomba radhi na kushuka taratibu, kama watu walioingia chumba cha mgonjwa.

Vidoa hivyo ni galaksi. Kila kimoja kina nyota mabilioni kwa mabilioni, na kiko mbali kiasi kwamba mwanga wake ulianza safari kabla dunia hii haijakuwepo. Kwa miaka thelathini Tarsis alikuwa akiuliza swali moja, ambalo ukilihesabu vizuri ni matatu: galaksi huzaliwaje, hukuaje, na ni lini huacha kuzaa nyota? Hakuwahi kuigusa darubini kubwa hata moja. Aliandika maombi, akakataliwa, akaandika tena. Akibahatika alipewa saa mbili au tatu za darubini iliyo upande wa pili wa dunia, na data zikamfikia kwa mtandao, akazikalia mwaka mzima. Mtu mwingine angekata tamaa akafungua baa. Yeye alikuwa na moyo wa kuku anayeatamia.

Katika data hizo za kuombaomba ndimo alimopata kitone kimoja chekundu. Miaka kumi na miwili iliyopita aliandika kwamba kitone kile ni galaksi iliyoacha kuzaa nyota mapema mno, wakati ulimwengu wenyewe ungali mtoto. Wenzake wa ng'ambo walibisha, kisha wakanyamaza, kisha wakaanza kumnukuu. Namba rasmi ya galaksi hiyo ilikuwa ndefu kama ya kiwanja, basi Tarsis akaiita Marehemu, na mtaa mzima ukalijua jina hilo. Jioni Klara akifunga duka alipaza sauti ngazini: "Muage Marehemu, ugali unapoa!"

Sasa tuseme alichokijua Anifa. Galaksi huwa nyekundu kwa sababu mbili. Ama nyota zake zimezeeka na changa hazizaliwi tena, ama changa zipo tele ila zimefunikwa na vumbi, na vumbi hupitisha wekundu tu. Tarsis alisema ni uzee. Lakini antena za jangwani Chile hupokea joto la vumbi lenyewe, na tangu Alhamisi zilikuwa zimemwambia Anifa kwamba vumbi lipo, limejaa tele, na chini yake nyota zinazaliwa. Marehemu hakuwa amekufa hata siku moja. Na leo saa kumi mwalimu wake angesimama chini ya bango lililoandikwa "Galaksi Iliyokufa Mapema" awaage watu kwa jambo lisilo kweli.

Anifa alikuwa mwanafunzi wake wa mwisho, binti wa Masasi, na kwao mtoto hamwambii mzee kwamba amekosea. Humwamkia tu, akitumaini mzee ataona kitu usoni na kuuliza. Alikuwa amemwamkia mara tatu. Mzee alikuwa anaangalia kioo.

Dukani alimweleza Klara yote, machozi yakimlengalenga, huku wateja wakigonga masufuria kupima uzito.

Klara alisikiliza hadi mwisho. "Mimi nikimwambia, ataniuliza nimesomea wapi," akasema. "Wewe ukimwambia, utalia kabla hujafika katikati. Nenda kwa Elibariki. Mwambie nimekutuma mimi."

"Baba Elibariki anajua galaksi, mama?"

"Hajui hata nyota ya asubuhi. Lakini ni mtani wake."

Elibariki alikuwa Mpare wa Usangi, muuza zipu na vifungo mlango wa pili. Tarsis alikuwa Mchaga, na Wachaga na Wapare ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukukejeli mbele ya wakwe zako na usinune, na neno lililowashinda ndugu zako kulisema, yeye hulitoa kama anatema mbegu ya chungwa. Alimsikiliza Anifa, akauliza mambo mawili, akavuta kitenge kikuukuu kilichofunika maboksi ya nyuma.

Dakika kumi baadaye ngazi ilitetemeka kwa kilio.

"Uuuwi! Uuuwi jamani! Nani kazika mtu anapumua?"

Tarsis alifungua mlango. Elibariki aliingia na kitenge kiunoni, mikono kichwani, akajitupa juu ya boksi la masufuria kama mama aliyefiwa.

"Mpare, nina mhadhara," Tarsis alisema. "Kama umekuja na kesi ya kuku, kauze ng'ombe kwanza umlipe wakili kama mlivyozoea, tuonane kesho."

"Leo sina kesi, Mchaga. Nina habari. Marehemu amejifungua."

Tarsis alicheka. "Amejifungua nini?"

"Nyota! Idadi sijui, msomi ni wewe. Lakini nikuulize. Nyie mna kipimo chenu, nchi nzima inakijua. Mchaga akizimia, mnadondosha sarafu sakafuni, asipoamka ndiyo mnachimba kaburi. Haya niambie, miaka yote hii, huyu Marehemu ulimdondoshea sarafu?"

Kicheko cha Tarsis kilianza vizuri, kikafika nusu, kikakwama. Hakuwa mjinga. Mlangoni alisimama Anifa na sinia la chai, macho kwenye bakuli la sukari.

"Vumbi?" aliuliza Tarsis.

"Vumbi, Mwalimu."

Akavuta kiti. Akashusha miwani ya pajini, akapandisha ya puani, akasema, "Lete."

Saa mbili na nusu zilipita. Aliuliza kama huenda joto lile ni la galaksi nyingine iliyosimama mbele. Anifa alikuwa amekwisha kupima umbali, na ulikuwa uleule. Aliuliza kama huenda ni makelele ya mitambo tu, akaonyeshwa kwamba siyo. Alitafuta kosa katika hesabu za binti yule kwa bidii ambayo hakuwahi kuitumia kwa adui, akizirudia moja moja kwa kalamu nyuma ya karatasi za mhadhara wake. Elibariki alivua kitenge, akakikunja, akakikalia.

"Nyota ngapi kwa mwaka?" Tarsis aliuliza mwishowe.

"Kama mia mbili, ukipima kwa uzito wa jua letu."

"Mia mbili." Alivua miwani yote miwili, akaiweka mezani.

Iliuma, tusidanganyane. Makala ile ya Marehemu ilikuwa kurasa kumi na nne tu, lakini ndiyo iliyomfanya ajulikane mahali ambapo hakuwa na nauli ya kufika. Alikaa akitazama ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu Anifa amjue alionekana mtu mwenye umri wake.

"Alhamisi yote, Ijumaa yote. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuamkia, Mwalimu. Nilijua utauliza."

"Leo nimeuliza."

"Ndipo nikakufuatia chai."

Elibariki alikohoa ili asicheke. Kisha akasogeza boksi karibu, na safari hii sauti yake haikuwa na utani ndani yake.

"Tarsis, sikiliza. Watoto wako wamesafiri kutoka Moshi. Wakubwa zako wa zamani wanakuja. Leo soma ulichoandika, rafiki yangu. Nani kule Posta atajua? Wiki ijayo utaandika masahihisho yako kwa nafasi, na hakuna atakayekufa."

"Hata mimi nitasubiri, Mwalimu," Anifa alidakia. "Data ni zetu peke yetu hadi mwakani. Hakuna mwingine anayeziona."

Walikuwa wanampenda, na alilijua hilo. Alizichukua karatasi za mhadhara. Upande mmoja ulikuwa na hotuba yake iliyopigwa chapa vizuri, upande wa pili hesabu za asubuhi ile zilizojaa mikato.

"Ningeisoma jana, ningekuwa nimekosea tu," alisema. "Nikiisoma leo, nawadanganya watu, mimi na mvi zangu hizi." Akamgeukia Anifa. "Unaweza kuwaeleza kwa dakika arobaini?"

"Mimi? Mbele yako?"

"Unataka nikae wapi, stoo?"

"Mwalimu, siwezi. Watasema binti huyu hana adabu, kamvua nguo mwalimu wake hadharani."

"Nguo nitajivua mwenyewe," alisema Tarsis. "Wewe kazi yako ni kuonyesha mtoto mchanga. Kunywa chai, tuna saa tatu za kupanga slaidi."

Klara alifunga duka saa tisa, jambo ambalo hulifanya kwa misiba tu, na wote wanne wakatembea kupitia Mnazi Mmoja hadi Posta, Elibariki akiwa amebeba kompyuta kifuani kama trei ya mayai. Walipofika kwenye ngazi za ukumbi Klara alimpangusa mumewe vumbi begani, akamtengeneza kola, akasema, "Nimesikia yote kwenye ngazi. Ungesoma ile ya zamani, leo ungelala kwa Mpare."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Tarsis alisimama chini ya bango, akawasalimu waliomzidi umri mmoja mmoja, akawasha projekta. Kitone chekundu kikatokea ukutani.

"Mnaifahamu hii," alisema. "Mimi ndiye niliyeizika. Niliandika kwamba imekufa, na wengi wenu mkaniamini, na wengine mmewafundisha wanafunzi wenu hivyo. Nilikosea. Iko hai, na inazaa kuliko galaksi yetu hii tunamokaa. Aliyeligundua hilo ni huyu hapa, Anifa, na kuanzia sasa ndiye mwenye kuwaeleza. Naomba mumsikilize kama mlivyokuja kunisikiliza mimi."

Mnong'ono ulipita mstari hadi mstari. Mkuu wake wa zamani aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mtu mmoja nyuma alianza kupiga makofi, akajikuta peke yake, akaacha. Tarsis alishuka, akaketi mstari wa mbele kati ya Klara na Elibariki, na Klara akaweka mkono wake juu ya goti lake.

Anifa alianza kwa sauti iliyosikika mstari wa tatu tu. Alitaja jina la mwalimu wake mara nne katika sentensi mbili. Kwenye slaidi ya pili alikosea kitufe, picha ikapinduka, akaomba radhi kwa kila mtu. Lakini alipofika kwenye antena za Chile alisahau kuogopa, kwa sababu sehemu hiyo aliijua usingizini. Sauti ikapanda. Mikono ikaanza kusema. Watu wakaegemea mbele.

Kisha akaonyesha picha ambayo Tarsis hakuwa ameitazama vizuri katika haraka ya asubuhi. Vumbi halikuwa limetandazwa sawasawa juu ya galaksi. Lilikuwa limekusanyika upande mmoja, pembeni kabisa, na nyota zote changa zilikuwa huko, huku katikati kumetulia. Anifa alipita haraka kwenye slaidi nyingine. Tarsis alibaki na ile. Kwa nini pembeni? Nini kilichoipeleka gesi yote ya kuzalia nyota upande mmoja? Galaksi jirani iliyoigonga? Alipapasa mfuko wa koti akitafuta kalamu, akamnyang'anya Elibariki ya kwake, akaanza kuandika juu ya goti, na mkono wa Klara ukalazimika kuhama.

"Nimefika mwisho," alisema Anifa. "Kama kuna maswali."

Mikono kama kumi ilinyooka ukumbini. Ya wahadhiri, ya wanafunzi, na wa mama mmoja mwenye daftari. Katika mstari wa mbele Tarsis naye alinyoosha wake, mkono mzima hadi kiwiko kikatoka kwenye koti. Anifa alimwona, akataka kumwita, akasita. Akamchagua kwanza yule mama mwenye daftari, kisha kijana wa nyuma, kwa zamu, kama alivyofundishwa. Tarsis hakuushusha mkono. Alipoanza kuchoka aliushikilia kiwikoni kwa mkono wa pili, akasogea mbele hadi ukingo wa kiti, akasubiri achaguliwe.