Mtoto wa Kitanda cha Dirishani

Kila asubuhi, zamu ya usiku hukabidhi wodi ya wazazi kwa zamu ya mchana kwa kusimama miguuni pa kila kitanda na kutoa taarifa kwa sauti. Tangu aje mkurugenzi mpya, taarifa hutolewa kwa Kiingereza, ingawa wote wanaosimama hapo walilelewa kwa Kiswahili.

Kwenye kitanda cha dirishani, mkunga waliyemwita Chapuchapu alisema, "Baby is sleeping," akapiga miayo. Alikuwa amesahau "the".

Mzazi alifunua blanketi. Mtoto alikuwa amelala salama, ila uso ulikuwa umemtoka. Macho, pua na mdomo vilikuwepo, lakini vya mtoto yeyote, kama picha ya kwenye kopo la maziwa.

"Sista, huyu si wangu," alisema. "Huyu ni mtoto tu."

"Umeacha 'the' tena," mkunga mkuu alimwambia Chapuchapu. "Juzi uliiacha ulipotaja mlango, na hadi leo stoo ya dawa inafungukia popote inapotaka."

"Nimezalisha usiku kucha, dada, ulimi nao umechoka. Kwetu mtoto ni mtoto."

"Hiyo ni kwenu. Rudia."

"The baby is sleeping."

Neno hilo hutaka msemaji na msikilizaji wawe wanakijua kitu kilekile. Chapuchapu alizalisha wengi usiku ule, hakupata nafasi ya kumtazama hata mtoto mmoja usoni. Mkunga mkuu ndiyo kwanza alikuwa anafika. Mtoto mchanga pekee waliyemjua wote wawili alikuwa kitindamimba wa mkunga mkuu, ambaye Chapuchapu ndiye aliyempokea. Uso ukarudi, ila wa huyo kitindamimba, na masikio yake yaliyochomoza na kidevu chenye kishimo.

Mzazi alimtazama mtoto, akamtazama mkunga mkuu, akamtazama tena mtoto.

"Jamani, anayemjua ni mimi. Nimemkodolea macho tangu alfajiri, ana paji la babu yake. Niacheni niseme mwenyewe."

"Sema, mama. Ila kwa Kiingereza."

Hakukijua.

"Huyu naye mzuri," mkunga mkuu alimtuliza. "Wangu hajawahi kunisumbua."

"Mwanangu," mzazi aliita.

Mtoto alifumbua macho, akageuza shingo, akamtazama mkunga mkuu.

"Safi sana," alisema mkurugenzi, aliyekuwa akisikiliza mlangoni. "Leo hakuna kosa."

Wakasogea kwenye kitanda kinachofuata.