Mkwe Asiye na Mapigo

Kwa miaka thelathini Bi Wanu alikuwa akiosha maiti wa kike pale Makorora, na vidole vyake vilimjua aliyekufa na aliyezimia tu. Hakuna maiti aliyewahi kumjia na posa, mpaka alipokuja Soud.

Soud alikuwa baharia, karudi kutoka Ulaya na mkoba asioutua hata akila pilau. Waya ulitoka mkobani ukapotelea chini ya shati. Bi Wanu alishuku ni chombo cha kunasia maneno ya watu. Miaka ile ya soko huria kila takataka iliingia nchini. Siku ya posa Soud akampa shikamoo na mkono, na vidole vya Bi Wanu, kwa mazoea ya kazi, vikateleza hadi kwenye mshipa. Kimya. Akajaribu shingoni, akijifanya anamtoa mdudu. Kimya vilevile.

Akamburuta bintiye Nasima jikoni, akamwambia mchumba wake ni maiti, tena maiti aliyekula sambusa sita. Nasima, mjane wa miaka mitatu, akasema hataki mwingine. Mama akaapa kuwa Nasima haolewi na huyo.

Soud aliyasikia yote. Akafungua vifungo, akaonyesha kovu. Moyo wake ulichoka akiwa melini, akaeleza, na madaktari wa Uingereza wakautilia pampu ya kuusaidia. Inasukuma damu mfululizo kama maji ya bomba, haidundi. Mkobani mna betri zake.

"Zikiisha?"

"Hata hapo hunipati, mama. Wewe huosha wanawake."

Bi Wanu hakucheka. Akaweka kando adabu zote za ukwe, akamtegea sikio kifuani. Mvumo mwembamba, kama cherehani ya nyumba ya pili.

Akauliza zimebaki saa ngapi. Tano. Za akiba ziko tupu, na Makorora umeme wa mgao haurudi hadi kesho. Leo zamu ya mtaa wa Mabawa.

Bi Wanu akamtazama Nasima, aliyekuwa ameshika ukingo wa mkoba kama ameshika mtoto. Akavaa buibui, akazibana betri za akiba na chaja kwapani, akakata vichochoro hadi Mabawa kwa shemejiye Idarusi. Akaketi karibu na soketi, akimfokea kila aliyetaka kuchomoa apige pasi. Alirudi zimejaa, saa moja kabla za mkobani hazijaisha, akasema posa imepokelewa.

Siku hizi umeme ukikatika tu, Bi Wanu huyo, mbio Mabawa, na kitu chini ya buibui. Majirani wanashuku ana mganga huko. Wengine wanasema bwana. Wakimuuliza amebeba nini, huwajibu kuwa amebeba uhai wa mkwewe.

Hawamwamini hata kidogo.