Bafu la Korongo

Katika bwawa lililo nyuma ya nyumba za mtaa wa Satellite walikaa korongo wawili wenye taji, mume na mke, na hakuna aliyewapenda kama Lornah. Alikuwa mama wa makamo kutoka Vihiga, fundi wa kushona sare za shule, tena mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kilichokuwa kikilinda lile bwawa. Wapo waliotaka lijazwe udongo ili magari yapate pa kuegeshwa. Sasa afisa wa mazingira, Bwana Ngui, alikuwa ametuma habari kwamba Jumamosi atakuja kujionea ndege mwenyewe. Akiwakuta wamekaa pale, bwawa litaachwa. Asipowakuta, malori ya udongo yatapata njia.

Basi Lornah akafanya vile mama yake angefanya. Kwao, mgeni mkubwa akitarajiwa, nyasi hufyekwa mpaka njiani, ua ukafagiliwa, na kuta zikakandikwa upya. Ijumaa asubuhi akawakusanya kina mama na slasha zao za kufyekea, panga, na gambuti miguuni, wakaingia kwenye mafunjo ya ukingoni. Walifyeka huku wakiimba nyimbo za kanisani, na mafunjo wakayafunga vitita, wakavipanga kando ya njia, vizuri kabisa. Kufikia mchana ukingo wote ulikuwa peupe na maji yanametameta. Lornah akashika kiuno, akatazama kazi yake, akaridhika.

Jirani yake Kasyoka, Mkamba anayeuza mboga Dagoretti Corner, alikuwa anapita na kikapu chake. Akasimama. Akatazama bwawa, halafu akamtazama Lornah.

"Mama Quincy, na hayo mayai mmeyaanika?"

Lornah akageuka. Pale mafunjo yalipokuwa yamesongamana zaidi, kiota cha nyasi zilizolazwa kilikuwa wazi kama sahani mezani, na mayai ndani yake, meupe yenye rangi ya samawati kwa mbali. Ng'ambo ya maji korongo wote wawili walikuwa wakitembea huku na huku, shingo wamezinyoosha, na juu mwewe ameshaanza kuzunguka. Siku hizo zote walikuwa wanaatamia, na Lornah hakujua.

"Nimewavunjia nyumba," akasema.

Kasyoka akatua kikapu. Akamwambia asilie kwanza, huyo ndege hajaenda mbali, ni aibu tu imemshika. "Wewe ungekubali kuzalia pale stage ya matatu, watu wote wakikuangalia?"

Neno hilo likamzindua Lornah. Kwao kukiwa na matanga na boma limejaa wageni, watu hujenga bafu la matete nyuma ya nyumba, mtu akaoga bila kuonekana. Akainua kitita cha mafunjo, akawaambia wenzake walete fito na kamba ya katani.

Walichomeka fito topeni, wakafunga vitita kimoja kimoja, vichwa juu, mpaka upande wa njia ukazibwa wote. Upande wa maji wakauacha wazi, kwa sababu korongo huingia kwake kwa miguu. Nyimbo zilikwisha, walizungumza kwa mikono. Mama mmoja alitaka kukinyoosha kiota kidogo, Lornah akamshika mkono akamrudisha. Kisha wakaondoka wote. Lakini Lornah alipochungulia kutoka mbali jioni ile, hakuna ndege aliyekuwa amerudi.

Jumamosi Bwana Ngui akafika na darubini shingoni. Akatazama ukingo uliofyekwa, akatazama lile jengo.

"Mama, na bafu hilo ni la nani?"

Lornah akamweleza yote, hakuficha hata slasha moja. Bwana Ngui akajikuna paji la uso. Akasema katika kazi yake ameona watu wakifyeka vinamasi kwa tamaa na kwa ukorofi, ila kwa heshima, hii ndiyo mara ya kwanza. Akaongeza, kwa upole, kwamba ndege wengine hawarudi.

Wakakaa mbali kwenye mawe, yeye na Lornah na Kasyoka. Chai ikamiminwa, ikapoa vikombeni.

Ndipo korongo mmoja akaja, akiruka chini chini, akatua kwenye tope. Akatembea polepole kama mama aliyechelewa kanisani, akatazama kushoto, akatazama kulia, akazunguka vile vitita. Akainamisha taji, akaingia. Bwana Ngui akainua darubini, na Lornah akamtazama mdomo wake tu.

"Ameketi," Bwana Ngui akanong'ona. "Bwawa hili haliguswi, mama. Na slasha hazirudi."

Lornah akakubali kwa kichwa, machozi yakimtoka.

Korongo wa pili akafika nyuma ya mwenzake, akasimama pale mlangoni bila kuingia, mguu mmoja ameukunja.

"Na huyo?" akauliza Bwana Ngui.

"Huyo anangoja zamu yake ya kuoga," Kasyoka akasema, na wote watatu wakaziba midomo, mabega yakitikisika.