Mama wa Watu Kumi na Wanne

Barua ile niliiandika mara sita kabla Mwalimu Mulwa hajasema imetosha.

Tulikuwa wanafunzi kumi na wanne katika darasa lake la Kiingereza, kila Jumanne na Alhamisi jioni, kwenye jumba la kanisa lililo juu ya bonde la Mathare. Mchana alifundisha shule ya msingi. Saa kumi na moja alikuja kwetu, vumbi la chaki likiwa bado kwenye mikono ya koti. Hakutuhimiza sana kuongea. Alisema Kiingereza cha kusema tutakiokota barabarani, lakini cha kuandika hakuna mtu atakayekitupa ili tukiokote. Hilo lilinifaa. Mimi hata kwa Kiswahili huona taabu kusema mbele ya watu. Karatasi hainitazami.

Njia yake ilikuwa moja. Unaandika, unatoka nje, unasimama karibu na ukuta na kujisomea kwa sauti ya chini. Sentensi ambayo huwezi kueleza ulitaka kusema nini, unaikata. Sentensi ambayo ingeweza kuandikwa na mtu yeyote, unaikata pia. Kisha unaandika upya. Wengi walichoka kwenye karatasi ya pili. Mimi nilipenda kukata. Nilikuwa nikirudi ndani na karatasi yenye mistari mitatu tu iliyobaki, na mistari hiyo mitatu nilijua ni yangu.

Mwezi wa pili wa masomo, Nthoki alikuja na habari. Nthoki ndiye tuliyekaa naye benchi moja; mchana alimsaidia mjomba wake, fundi wa cherehani huko Mowlem. Alisema kwenye lango la kiwanda kimoja cha nyuzi, mtaa wa Baba Dogo, pamebandikwa tangazo. Anatakiwa karani wa stoo, mtu mmoja, mwanamke au mwanamume. Cheti si lazima. Mtu aandike barua ya kuomba kazi kwa Kiingereza, kwa mkono wake mwenyewe.

Nilimwomba arudie hapo pa cheti.

Niliacha shule darasa la sita. Mama alipofariki, mimi na mdogo wangu Waringa tuligawanywa kama vyombo vya nyumba. Waringa alipelekwa kwa nyanya yetu Murang'a, na mimi nikaletwa kwa Tata Njoki, dada wa mama, hapa Mathare, katika chumba kimoja na watoto wake wanne. Nilikuwa nafanya kibarua cha kuchagua matambara yanayouzwa kwenye magereji. Mtu wa kibarua hapewi chumba, mwenye nyumba anamtazama tu mikono na kusema vyumba vimejaa. Karani anapewa. Nyanya alikuwa amekwisha kusema kwamba msichana akimaliza darasa la tano amesoma vya kutosha, na Waringa alikuwa katika hilo la tano. Nilikuwa nimemwahidi nitamchukua kabla ya Desemba. Sikuwa na sababu nyingine ya kuitaka kazi ile, na sikuhitaji nyingine.

Barua yangu ya kwanza ilianza kwa maneno makubwa ya heshima niliyoyatoa kwenye kitabu cha zamani. Mwalimu Mulwa hakuisoma hadi mwisho. Aliniuliza ni nani anayeongea humo ndani. Ya pili na ya tatu hazikuwa na maneno makubwa, lakini hazikuwa na mtu pia. Ndipo aliponiuliza kwa nini niliacha shule. Nikatazama chini.

"Usiniambie mimi," alisema. "Iambie hiyo karatasi."

Kwa hiyo katika barua ya sita niliandika kwamba mama yangu alifariki mwezi wa Agosti nikiwa darasa la sita, na kwamba siku ya mazishi kitabu changu cha Kiingereza kilikuwa kwa jirani na sikukirudia. Niliandika kwamba tangu hapo nasoma kila karatasi inayofika mkononi mwangu, hata gazeti lililofungiwa nyama, nikilipangusa damu kwanza. Niliandika kwamba sitachoka na kazi ya kuandika katika stoo, kwa maana nimekaa miaka saba nikiitafuta.

Mwalimu aliisoma hadi mwisho, akasema imetosha. Kisha akaniuliza, mbele ya wote, kama angeweza kuiandika ubaoni ili wenzangu waone barua ni kitu gani. Watu kumi na watatu waligeuka wakanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Sikuona njia ya kukataa ambayo haikuhitaji maneno.

Alipomaliza kuandika aliwaambia kila mmoja aweke jina lake na anwani yake. Nadhani alitaka kusema zaidi ya hapo, lakini saa moja ilikuwa imefika na mlinzi wa jumba alikuwa amesimama mlangoni na kufuli. Wenzangu waliinama wakaanza kunakili. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sote tangu darasa la kwanza: kilicho ubaoni ni cha kunakiliwa, na ukiacha hata nukta unachapwa. Amolo, seremala wa Kariobangi ambaye hakukosa neno, aliinua kichwa akaniuliza nyama hiyo huwa nanunua kwa nani, maana gazeti lake lina faida kuliko shule. Tulicheka. Mimi pia nilicheka. Hata niliona fahari kidogo, kuona kalamu zote zile zikikimbia nyuma ya maneno yangu.

Sote tulipeleka barua kiwandani, na baada ya wiki mbili tuliitwa. Wote kumi na wanne, Jumatatu, saa mbili asubuhi.

Tulikutana langoni. Amolo alikuwa amevaa shati la kijani lililopigwa pasi, akisema kumbe darasa zima limepita na itabidi kiwanda kijenge stoo kumi na tatu zaidi. Nthoki hakucheka. Alinivuta pembeni akaniuliza kama na mimi nilipeleka ile ya ubaoni.

"Ni yangu," nilimwambia.

"Najua ni yako. Nimekuuliza kama uliipeleka."

Nikasema ndiyo. Akatazama viatu vyake.

Ofisa wa kuajiri aliitwa Bwana Wanyoike, mtu mwembamba wa miwani, anayesema taratibu. Alituketisha kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi, ambako akina mama wawili walikuwa wakiosha vikombe vya chai. Alikuwa na barua zetu mkononi, zimefungwa kwa mpira.

"Nimewaita," alisema, "kwa sababu nilitaka kuwaona kwa macho hawa watoto wa mama mmoja."

Akafungua barua ya juu akaisoma. Sikujua ni ya nani. Aliisoma kwa Kiingereza kizuri, na katika mdomo wake sentensi zangu zilitembea bila kujikwaa, vile nilivyotamani kuzisikia nilipokuwa nimesimama kwenye ukuta wa kanisa. Akafungua ya pili, akasoma sentensi ya Agosti tu. Ya tatu, Agosti. Ya nne. Akina mama waliacha kuosha vikombe. Akamnyooshea kidole Amolo.

"Wewe wa shati la kijani. Mama yako alifariki lini?"

Amolo alisimama. Mama yake huuza samaki sokoni Kariobangi, na nusu yetu tulikuwa wateja wake.

"Bado, bwana," alisema.

Chumba kizima kilicheka, hata akina mama wa vikombe, hata Bwana Wanyoike mwenyewe. Mdomo wangu pia ulijikunja kabla sijauzuia. Nilimwona mama, vile alivyokuwa amelala siku ile kwenye godoro la jirani, na mdomo wangu ulikuwa bado umejikunja.

Kicheko kilipokwisha aliuliza ni nani mwenye barua. Alisema mtu mmoja lazima aliiandika kwanza, ajitokeze. Mkono wangu ulikuwa juu ya paja na nikaona hauinuki. Niliwaza kwamba nikiuinua nitakuwa nimesema hawa kumi na watatu ni waongo, wakiwa wamekaa hapo hapo, nami nilikuwa nimeitikia kwa kichwa. Kisha nikawaza kwamba nitatakiwa kueleza, kwa Kiingereza, kwa sauti. Akangoja. Basi akamtuma mtu karatasi, tukagawiwa moja moja.

"Nusu saa," alisema. "Kwa nini unataka kazi hii. Kila mtu aandike yake."

Nilianza kuandika kwamba mimi ni mtu wa bidii. Nikakata, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kusema hivyo. Niliandika kwamba napenda usafi na utaratibu. Nikakata. Kulia kwangu Nthoki alikuwa akiandika haraka, ulimi nje. Nilitafuta jambo jingine lililonipata mimi ambalo lingeweza kusimama kwenye karatasi, na kila nilipogusa ilikuwa ni Agosti ile, kitabu kile, magazeti yale. Ningemtaja Waringa, lakini sentensi za Waringa sikuwahi kuzisoma ukutani, na nusu saa si muda wa kukata. Saa ya ukutani ilikuwa imekula dakika ishirini. Kila mtu aandike yake, alisema. Yangu ilikuwa hiyo. Ilitoka mkononi nzima nzima, na sikukosea hata neno.

Alizikusanya akazisoma akiwa amesimama. Nyingi alizipitia kwa kutikisa kichwa na kuziweka mezani. Yangu aliirudia mara mbili.

"Warigia ni nani?"

Nilisimama; ndilo jina langu.

"Hawa wenzako wameandika makosa matupu, lakini leo ni makosa yao," alisema. "Wewe umeimeza barua nzima. Hata damu hukuisahau."

Watu walicheka tena, ila safari hii si darasa letu. Walikuwa wale akina mama tu.

"Mama yako amekufa?"

"Amekufa," nilisema kwa Kiswahili.

"Mwezi gani?"

"Agosti."

Kando yangu benchi lililia. Nilijua bila kugeuka kwamba Nthoki alikuwa anaanza kuinuka. Karatasi yake ilikuwa moja ya zile zilizobaki mkononi mwa Bwana Wanyoike, hazijasomwa. Kisha benchi likalia tena, likatulia.

Bwana Wanyoike alivua miwani. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mzazi.

"Msichana," alisema, "si vizuri kumzika mzazi kwa sababu ya kazi."

Aliniambia niende nyumbani. Nilipita katikati ya meza, nikapita lango, nikatembea kutoka Baba Dogo hadi Mathare, na kwa kuwa siku ilikuwa bado changa nilienda kwenye matambara nikachagua hadi jioni.

Kazi alipata Nthoki. Alikuwa ameandika kwamba kwa mjomba wake yeye ndiye hupanga vifungo kwa ukubwa na kwa rangi, na kwamba hata taa ikizimika anaweza kuokota kile anachotaka. Ilikuwa na makosa kila mstari, mwenyewe alisema. Lakini ungemwona humo, gizani, na vifungo vyake. Mwalimu angeipenda.

Mwalimu Mulwa alipopata habari alienda kiwandani siku ya mapumziko ya shule. Hakuruhusiwa kuvuka lango. Jioni aliniita nje, pale ukutani, akasema kosa ni lake. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye niliyeitikia, lakini nilisema ahsante, akaondoka akiwa na uso kama nimemtukana. Darasa lilipungua. Amolo aliendelea kuja kwa wiki chache na hakunitania tena, na hilo niliona zito kuliko utani.

Nilimwandikia nyanya kwa Kikuyu kwamba sitakuja Desemba. Barua hiyo niliiandika mara moja tu. Waringa mwenyewe aliongeza mstari chini ya jibu la nyanya, akisema ameanza kuchuma chai na mikono yake imekuwa migumu, na kwamba nisiwe na wasiwasi.

Jumapili moja baada ya kanisa, Nthoki alikuja kwa Tata Njoki na karatasi iliyokunjwa. Tulikuwa hatujaonana wiki tano. Alikaa kitandani, akanywa chai, akawauliza watoto wa Tata maswali mengi. Mwishowe akasema kwamba paa la stoo limevuja na katoni nyingi za nyuzi zimeloa, na Bwana Wanyoike anataka ripoti ya Kiingereza kesho asubuhi, na amejaribu usiku kucha. Alisema pia kwamba siku ile alitaka kusimama.

"Nilisikia," nilimwambia.

Nilichukua karatasi. Nilisoma, nikaona pale ambapo hakujua alitaka kusema nini, lakini sikuweza kukata wala kuongeza, kwa sababu mambo yenyewe sikuyajua. Nikamuuliza katoni zilikuwa zimekaa chini au juu ya mbao. Zimepangwa ngapi kwenda juu. Maji yalitokea upande wa mlango au wa dirisha, na kama dirisha lipo, linatazama wapi. Alinieleza, akipanga vikombe na visanduku vya kiberiti vya Tata juu ya blanketi: hapa meza yangu, hapa daftari la kutolea mali, hapa unapita hivi. Stoo ni kubwa, alisema. Ina harufu ya rangi, na mchana jua linaingia kwa juu.

Niliandika mara tatu. Ya tatu ilikuwa safi. Ungesema mwandishi alikuwa amesimama humo ndani, maji yakimpita miguuni. Nthoki aliisoma akatabasamu, akataka kuikunja aiweke mkobani.

Nilimzuia. Nikampa kalamu, nikamwambia ainakili kwa mwandiko wake mwenyewe. Alipomaliza nililinganisha mstari kwa mstari, kisha nikaichana yangu.