Kichwa cha Habari Alichostahili Bertin

Mama Immaculée alikuwa mkunga katika zahanati ndogo karibu na Lweba. Siku moja mwanamke alifia mikononi mwake akijifungua, lakini mtoto akapona. Baba wa mtoto alikuwa Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu, amelala na mguu uliovunjika. Mkunga akamfunga kichanga kifuani, akapanda pikipiki kumpelekea bibi yake huko huko Misisi. Kwenye kizuizi cha barabarani askari walimkamata, wakauliza mtoto ni wa nani, wakapiga simu Misisi, wakamwachia aende.

Mtu alipiga picha. Jioni ile ile ikatokea kwenye ukurasa wa Bertin Mutambo, mwanahabari wa mji wa Baraka aliyesomwa wilaya nzima ya Fizi. Juu yake aliandika: MKUNGA AKAMATWA NA KICHANGA NJIANI KWENDA MISISI. Habari yenyewe ilieleza, katika mstari wa mwisho kabisa, kwamba mama huyo alionekana hana kosa. Hakuna aliyesoma hadi huko. Watu walirushiana picha na kichwa tu kwenye WhatsApp, na baada ya kupita makundi machache, mkunga alikuwa ameshakuwa muuza watoto wa tangu zamani. Nyumba yake ilipigwa mawe. Zahanati ikamwambia apumzike kwanza. Akahamia Baraka kwa binti yake, Arlette, na hakutaka tena kutoka nje.

Arlette alimwendea Bertin ofisini kwake.

"Ya Bertin, kaka yangu, badirisha ile kichwa. Mama yangu haendi tena hata sokoni."

Bertin hakuinua macho. "Iko neno gani ya uongo pale? Balimukamata, ndiyo. Alikuwa na mutoto, ndiyo. Batu basome mupaka mwisho."

"Habasomi. Na we unajua."

"Mi si mwalimu wa kusomesha batu."

Arlette alitoka. Kazi ya kuandika vichwa aliijua. Aliandika matangazo ya mtandaoni ya duka la paneli za jua na betri, na miaka ya kuuza betri ilikuwa imemfundisha kwamba msomaji anaamua huku kidole kinateleza, kwamba jina la mtu anayejulikana linashinda sifa zote, na kwamba kichwa kizuri kinaacha mlango wazi kidogo ili mtu ajaze mwenyewe kilichomo ndani. Basi akasubiri.

Ziwa lililo kando ya mji lilipopanda, maji yaliingia nyumba za ufukweni, pamoja na ya Pasta Déogratias. Waumini walikwenda kumsaidia kuhamisha vitu. Bertin alikuwa miongoni mwao, maana alikuwa amemchumbia Vanessa, binti wa mzee wa kanisa, na alipenda kuonekana. Arlette naye alikuwepo, amebeba masufuria. Akamwona Bertin akitoka chumbani bila shati, jasho linamtiririka, ameshika ncha ya kitanda. Nyuma yake alikuja Mama Godelieve, mke wa pasta, amekumbatia mito. Pasta mwenyewe alikuwa bado ndani, ameshika ncha ya pili. Arlette akapiga picha, na kwa mara ya kwanza tangu mama yake ahame Lweba, moyo wake ukafurahi.

Aliiweka mtandaoni, akaandika juu yake: BERTIN MUTAMBO ATOKA BILA SHATI CHUMBANI MWA MKE WA PASTA. Chini yake akaweka habari ya kweli tupu, akimsifu Bertin kwa msaada wake. Pasta na ncha yake ya kitanda walikuja katika mstari wa mwisho.

Kesho yake Bertin alikuwa mlangoni kwake. Baba wa Vanessa alikuwa amemfungia lango.

"Utoe ile kintu, Arlette. Nakuomba."

"Iko neno gani ya uongo?" Akamsogezea kiti. "Ikala. Kwanza andika kichwa ya mama yangu. Nikiikubali, natoa yangu."

Bertin akaandika kwenye simu: Mkunga Immaculée hakuiba mtoto.

"Hapana. Ukisema hakuiba, jicho inakamata kuiba."

Akajaribu tena: Ufafanuzi kuhusu habari ya Lweba.

"Hiyo umeiandika ili batu baipite."

Aliandika, akafuta, akaandika. Katika chumba cha pili Mama Immaculée alikuwa anasikia yote. Mwishowe Arlette akasema, "Anza na jina lako. Batu banapenda majina." Na Bertin akaandika: MIMI BERTIN MUTAMBO NILIMCHAFUA MKUNGA ASIYE NA KOSA. Akakituma mbele yake.

Arlette alikuwa ameahidi. Hata hivyo hakukifuta chake. Alitaka Jumapili ifike kikiwa bado pale, kanisa zima limtazame Bertin.

Jumapili, Mama Godelieve alisimama mbele ya waumini, akachukua kipaza sauti na kuisoma habari ile yote, hadi pasta na kitanda chake. Watu walicheka hadi machozi. Baada ya ibada alikwenda moja kwa moja kwa Arlette.

"Mi nilikukosea nini?"

Arlette akaanza kueleza ya mama yake. Mama Godelieve akamkatiza.

"Mi niko na kanisa ya kusimama mbele yake. Mama yako hakukuwa nayo, ile naelewa. Lakini ungekuja kwangu, tungemusimamisha Bertin pamoja. We ulinitumia kama jiwe ya kumutupia."

Arlette akafuta habari ile hapo hapo, akapiga magoti, akaomba radhi.

"Na Bertin?" Mama Godelieve akauliza.

"Kwa ule, Mama Pasta, siombi."

Uchumba ulivunjika, lakini si kwa sababu ya chumba. Vanessa alikuwa ameisoma habari ya kitanda hadi mwisho na kuicheka. Kilichomshinda ni kile kichwa Bertin alichoandika mwenyewe, akikiri kumchafua mkunga. Mkuu wa zahanati alikuja Baraka kumrudisha Mama Immaculée kazini. Mama alimweka juani uani muda mrefu, kisha akatoka kumwambia hapana. Wanawake wajawazito walikuwa wameshaanza kumfuata pale pale kwa binti yake.

Bertin alifunga ukurasa wake na kuhamia Uvira. Arlette alipoambiwa, aliuliza tu kama huko bado anaandika. Wakamwambia ndiyo. Akatoa simu, akaomba jina la ukurasa mpya.